Mkono Uliojibu Badala ya Jicho

Amondi hana imani na karatasi safi. Mletee karatasi yenye madoa meusi hapa na pale, atakaa nayo, ataigeuza huku na huku na kukueleza kila doa limetoka wapi. Lakini ile nyeupe pe, isiyo na hata kivuli, humfanya akunje uso kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Ndiyo tabia yake, na wenzake pale kliniki ya macho Shauri Moyo wameshamzoea.

Kliniki yenyewe iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Chumba cha Amondi ndicho cha mwisho ukumbini, kile chenye pazia zito jeusi. Humo mna mashine moja tu, bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Unaingiza uso, unaegemeza kidevu, jicho moja linazibwa kwa kitambaa, na lile la pili unaambiwa likazie nuru ya njano pale katikati, wala lisibanduke. Kisha vinuru vidogo vinachomoza huku na kule, vingine vikali, vingine hafifu hata unajiuliza kama umeota. Ukiona, bonyeza kitufe. Usipoona, tulia. Mwishoni mashine inatoa karatasi yenye picha ya upeo wa jicho lako: palipo peupe unaona, palipo peusi huoni. Hivyo ndivyo wanavyoikamata glakoma, ugonjwa ambao watu wa mtaani huuita presha ya macho. Unalila jicho kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu wala wekundu, mpaka siku mtu anajikwaa kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Kazi hii Amondi hakuanza kwa kuisomea. Aliifagia kwanza. Alizaliwa Makongeni kwenye nyumba za reli, baba yake karani wa mizigo, na aliingia kliniki miaka kumi na tisa iliyopita akiwa mfagiaji, mjane mbichi mwenye binti wa miaka mitatu. Kila asubuhi alikuwa akilipangusa lile bakuli, na kila asubuhi alikuwa na swali. Mwendeshaji wa mashine wa siku hizo alijibu, akajibu tena, hatimaye akachoka. "Basi kaa hapa uendeshe mwenyewe, ujibiwe nayo!" Akakaa. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, na siku hizi ana miaka hamsini na miwili, anakaa Tassia ghorofa ya tano, ngazi anazipanda bila kupumzika, na akikuambia jambo kuhusu mashine ile hatii neno "nadhani" ndani yake.

Na kweli amewaona watu. Kila mtu huingia bakulini na tabia yake ya nje. Bi Anab, mwenye duka la jumla la vitambaa kule Eastleigh, alikuwa akibonyeza mara mbili kwa kila nuru. Alipoulizwa akasema, "Ya kwanza nimeona, ya pili nahakikisha." Mwalimu mmoja mstaafu hakubonyeza kitu nusu saa nzima, kwa sababu aliona kubonyeza bila uhakika ni kusema uongo. Ukimsoma kwa karatasi tu ungesema ni kipofu, na mzee wa watu alikuwa amekuja peke yake akisoma gazeti njiani! Amondi alimkalisha chini, akamweleza kwamba hapa hakuna kiapo, akampima upya. Ndiyo maana akiwa kazini jicho lake huwa kwenye kiskrini kinachoonyesha mboni ya mgonjwa, na sikio lake huwa kwenye kitufe.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa tatu akaingia fundi Patrobas.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye viganja vipana na kicheko cha karibu. Alikuwa ametumwa na daktari Muturi, daktari kijana, mpole, mwenye haraka ya watu wenye foleni ndefu mlangoni. Muturi alikuwa ameangalia nyuma ya macho ya Patrobas akaona mshipa mkuu wa jicho la kushoto kama umeanza kumomonyoka, lakini hakuwa na hakika, maana presha ya jicho ilikuwa ya kawaida. Kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mashine. Karatasi ikitoka na doa, Patrobas anaanza dawa siku hiyo hiyo. Ikitoka safi, anarudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Na kama glakoma imo, mwaka mzima bila dawa ni mwaka mzima wa kuliwa jicho, na kilicholiwa hakirudi.

"Fundi, tazama ile ya njano tu," Amondi akamwambia. "Hizi nyingine usizifuate. Ukiziona, bonyeza."

"Hilo tu? Hiyo kazi rahisi, sista."

Mboni ikatulia vizuri kabisa. Kitufe ndicho kilichomkera Amondi. Ta-ta, taa. Ta-ta, taa. Ulikuwa mpigo mmoja, haupungui wala hauzidi, na mara mbili tatu ulilia wakati hakuna nuru yoyote mle ndani.

"Ngoja uone kwanza, fundi."

"Naona, sista. Naona zote."

Ta-ta, taa.

Karatasi ikatoka nyeupe, jicho la kulia na la kushoto. Pale chini mashine huandika ni mara ngapi mtu amebonyeza bure, na ya Patrobas ilikuwa kumi na tatu kwa mia. Mashine ile imewekwa ilalamike kuanzia kumi na tano, kwa hiyo haikulalamika.

"Nimepita?" Patrobas akauliza, kitambaa bado kimemning'inia sikioni.

"Huu si mtihani, fundi. Hakuna kupita hapa."

"Lakini ni nyeupe."

"Ni nyeupe."

"Basi nimepita!" Akaipiga picha kwa simu yake, akamtumia mkewe kabla hata hajasimama.

Amondi akaibeba karatasi mwenyewe hadi kwa daktari, jambo ambalo halifanyi kila siku. Muturi aliitazama, uso ukamfunguka.

"Afadhali. Nilikuwa nimeanza kumwogopea."

"Daktari, hiyo karatasi usiitie sahihi."

"Kwa nini, mama? Kumi na tatu. Mashine imeikubali."

"Mashine haikumsikia, mimi nilimsikia. Hiyo si karatasi ya macho yake, ni ya mkono wake. Alikuwa anabonyeza kwa mpigo, nuru iwepo isiwepo."

Muturi akapapasa kidevu. Hakuwa mtu wa kiburi, tusimsingizie. "Mama Amondi, nikiikataa hii nitaandika sababu gani? Mpigo?"

"Andika hivyo hivyo."

"Nje kuna watu thelathini." Akatia sahihi, aje baada ya miezi kumi na miwili. "Ukiweza kumrudisha wewe, mimi nitaitazama upya. Neno langu hilo."

Amondi akatoka akibamiza viatu. Hasira yake haikuwa kwa daktari peke yake; ilikuwa pia kwa sababu mpigo ule aliujua na hakukumbuka ameusikia wapi. Aliusikia akila chakula cha mchana. Aliusikia akipangusa bakuli jioni. Ndipo alipoichukua kadi ya Patrobas airudishe mezani kwa Kawsar, msichana wa mapokezi, macho yakaangukia mstari wa kazi. Mtengenezaji wa akala, vile viatu vya matairi, soko la Kariokor.

"Wee!" akasema kwa sauti mpaka Kawsar akashtuka. "Kumbe alikuwa anapigilia misumari!"

Akampigia simu pale pale. Kwenye simu nyundo zilisikika kuliko Patrobas mwenyewe. Akamweleza kwa upole wake wote, ambao si mwingi. Patrobas akacheka sana.

"Sista, mimi nimepita na daktari ametia sahihi. Mke wangu ameshaambia kanisa zima. Sasa nirudi niombe nianguke?"

"Fundi, macho yako..."

"Macho yangu yako sawa. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Mtu mwingine angesema, basi, nimefanya yangu. Amondi hakulala vizuri kwa hasira, na kesho yake saa saba mchana akavua koti jeupe, akaenda Kariokor kwa miguu.

Safu ya watengeneza akala huisikia kabla hujaiona. Watu kama ishirini wameketi kwenye vigoda, tairi kuukuu zimekatwa vipande na kupangwa, na nyundo zinapokezana. Amondi akasimama akasikiliza. Ta-ta, taa. Mbili ndogo za kuusimamisha msumari, moja kubwa ya kuuzamisha. Karibu acheke.

"Karibu mama! Namba ngapi?" Patrobas akaita, kisha akamtambua, nyundo ikabaki hewani.

"Sitaki viatu. Nimekuja kwako."

Safu nzima ikalipuka. "Fundi, hospitali imekufuata hadi kazini!" jirani yake akasema. "Mama watoto ajue hii?"

Amondi aliwaacha wacheke wamalize. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Patrobas. "Fanya kazi yako. Mimi naangalia tu."

Patrobas akafanya kazi, na mtu yule alikuwa fundi kwelikweli. Alizungumza, alisalimia wapita njia, aligeuka kumjibu jirani, na muda wote mkono wa kulia ulikuwa ukipiga bila yeye kuuangalia. Haukuwa ukimngoja mtu. Lakini kadiri Amondi alivyotazama, macho yake yalihamia mkono ule mwingine. Wa kushoto ulishika msumari kwa ncha za vidole viwili na kutulia tuli. Haukujongea mpaka msumari usimame, ukajiondoa kwa wakati wake, kisha ukaenda kutafuta mwingine.

"Huo wa kushoto hujaugonga?"

"Niliugonga sana nikijifunza. Kucha mbili zilitoka. Sasa una akili yake, unajua kungoja."

Amondi akapigwa na wazo, lakini akalikalia kwanza. "Nipe msumari mmoja, ule unaong'aa. Sasa ziba jicho la kulia kwa kiganja. Nitazame puani, usiangalie pengine. Ukiuona msumari, sema."

"Mambo ya watoto haya," Patrobas akasema, lakini akaziba.

Amondi akauleta msumari kutoka juu. "Huo." Akauleta kutoka upande wa nje. "Huo." Akauleta kutoka chini, upande wa pua, taratibu, ukipanda. Patrobas akangoja. Msumari ukapita usawa wa shingo, ukafika kidevuni, ukapita mdomo wa chini.

"Mbona huuleti?" Patrobas akauliza.

Jirani aliyekuwa akicheka akaweka nyundo chini.

"Fundi, msumari uko hapa. Usiangalie, nyoosha mkono tu."

Patrobas akanyoosha mkono, vidole vikagonga msumari mbele kabisa ya uso wake. Akaziba tena, akasema rudia. Amondi akarudia. Akasema rudia mara ya tatu, safari hii sauti imeshuka. Alipoondoa kiganja, alikitazama kigoda chake, kisu chake, kopo la misumari ambalo siku hizi lilikaa juu ya ubao badala ya chini miguuni, na Amondi akamwona anafahamu mwenyewe, bila kuambiwa, kwa nini alilihamisha.

"Sista, mimi nina mikono na macho tu. Sina kitu kingine," akasema. Alikuwa anaogopa, na hakuficha.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Vaa shati, twende."

Saa nane na nusu walikuwa nyuma ya pazia jeusi. Amondi alikuwa amempitia daktari Muturi na kumwambia, "Neno lako," na Muturi, kwa heshima yake, akaacha foleni akaja kusimama ukutani. Patrobas akaingiza uso bakulini na kunyoosha mkono wa kulia apewe kitufe.

"Huo, ukalie," Amondi akasema.

"Niukalie?"

"Uweke chini ya paja, uketi juu yake. Lete wa kushoto." Akakitia kitufe katikati ya vidole vile viwili vinavyoshika msumari. "Huu ndio unaojua kungoja. Nuru ndiyo nyundo, fundi. Usibonyeze mpaka uione imekuja."

Taa ikazimwa. Kitufe kikalia mara moja, kikanyamaza. Kikalia tena. Kimya kirefu. Kikalia mbili, kikanyamaza tena, na kimya hicho kilikuwa kirefu zaidi, mashine inafanya kazi, vinuru vinachomoza, na mkono wa kushoto umetulia tuli kwa sababu hauoni kitu. Muturi alikuwa akifuata kwenye kiskrini. Kila nuru iliyopita bila kujibiwa ilimfanya ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Karatasi ikatoka. Jicho la kulia lilikuwa na kivuli chembamba pembeni, mwanzo tu. La kushoto lilikuwa na upinde mweusi ti, umeanzia kando ya katikati ukazunguka kwa chini hadi upande wa pua, pale pale msumari ulipopotelea. Kubonyeza bure, mbili kwa mia.

Muturi akaiweka karibu na ile ya jana. Macho yale yale, mtu yule yule, tofauti ya siku moja tu.

"Mama Amondi, ningempoteza huyu," akasema.

"Ungempoteza," Amondi akajibu. Hakuwa mtu wa kumsaidia mwenzake kukwepa jambo kama hilo. Lakini moyoni alifurahi, alifurahi sana, akaona hata haya kwa furaha hiyo mbele ya mtu ambaye karatasi yake imetoka nyeusi.

Muturi akamkalisha Patrobas akamweleza bila kupindapinda. Palipokwisha kuwa peusi pamekwenda, hapana dawa ya kuparudisha. Palipo peupe panaweza kulindwa, kwa matone ya kila jioni, bila kukosa, na kupimwa kila baada ya miezi michache.

Patrobas akapitisha kidole juu ya karatasi, akizunguka ule upinde. "Hii nyeupe yote iliyobaki, nitaendelea kukata tairi nayo?"

"Ukitia dawa, utakata tairi mpaka wajukuu wakukataze," Muturi akasema. "Jambo jingine. Ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja. Kaka yangu mkubwa, Willis."

"Aje apimwe wiki hii."

"Huyo alishapimwa." Kwa mara ya kwanza tangu Kariokor, Patrobas akatabasamu. "Hapa hapa, mwaka juzi. Yake ilikuwa nyeupe kuliko hata yangu, aliibandika ukutani. Ndiye aliyeniambia nisiogope, kule ni kupiga tu." Akamgeukia Amondi. "Wewe ndiye uliyempima, sista. Alikusifu sana."

Amondi akauliza upesi, "Anafanya kazi gani?"

"Akala. Si ndiye aliyenifundisha nyundo?"

Amondi akaketi kwenye kompyuta, akalitafuta jina, akalipata. Karatasi nyeupe, macho mawili. Kubonyeza bure, kumi na moja kwa mia. Chini kabisa, kwenye nafasi ya aliyeendesha kipimo, lilikuwa jina lake mwenyewe. Angeweza kusema kwamba siku ile kliniki ilijaa, au kwamba mashine haikulalamika. Aibu ilimjaa mpaka masikioni, na hakusema hata moja kati ya hayo.

"Mbona leo sikumwona sokoni?"

"Yuko nyumbani, Mathare. Tangu Krismasi haji." Patrobas alianza kusema kawaida, lakini maneno yakawa yanapunguza mwendo kadiri yalivyomtoka. "Anasema njia imejaa watu siku hizi. Anasema wanamgonga."

Muturi akaweka kalamu mezani. Amondi akainuka, akazima mashine, akachukua mkoba wake. Ukumbini alimwambia Kawsar awaombe radhi waliokuwa wakimngoja, kesho atakuja saa kumi na mbili asubuhi awapime wote.

"Twende, fundi."

"Kwa Willis? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hilo sitaki aambiwe na mtu mwingine. Nitamwambia mwenyewe kwamba nilikosea."